Hamadnil, Uliyevuna Ufuta wa Mtu wa Ng'ambo

Ni mwaka sasa, Baba, tangu tukuvushe mto Atbara ukiwa umelazwa chali kwenye mtumbwi wa kivukoni, macho yako yakifuata mawingu kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

Bado tunaamka tukikungoja utusimulie ndoto. Hukugusa kahawa wala ugali kabla ya kusimulia. Mama akilalamika, "Mzee Hamadnil, asida inapoa!", ulimjibu, "Sitalbanat, asida ipo hata kesho. Ndoto hii hairudi." Mara moja uliota shamba zima la ufuta likitembea kwenda mtoni kunywa maji, likinyata ili lisiwaamshe askari. Tulicheka hadi ndugu yangu Rihab akapaliwa.

Ulikuwa mpole, na mikono yako ilinuka dizeli. Miaka ishirini na miwili uliendesha matrekta ya watu wengine, kwa sababu shamba la babu lilikuwa mashariki ya mto, kwenye ardhi ambayo nchi mbili zinaigombania. Wanamgambo kutoka ng'ambo ya mpaka, tuliowaita shifta, walikufukuza pale kwa bunduki kabla Rihab hajazaliwa. Kila Ijumaa baada ya swala ulisimama ukingoni ukalitazama. Ulitazama tu, kisha ukarudi nyumbani ukiwa umemnunulia Mama karanga.

Mwaka jana jeshi letu lilivuka likawasukuma nyuma wale shifta, nawe ukavuka siku ya tatu yake. Tulikuja nyuma yako, Rihab nami, na ami Jadallah, mdogo wako. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi. Ulipofika kwenye mpaka wa shamba ulivua viatu. Kisha ukungu ukainuka, tukaona ufuta wa mtu mwingine, umekomaa, unangoja mundu. Kando yake kulikuwa na kibanda, na gauni la mtoto bado limeanikwa kwenye kamba.

Ami Jadallah alifurahi. "Mungu si Athumani! Tukate, tuuze. Ardhi ni yetu."

"Ardhi ni yetu," ulisema. "Ufuta si wetu."

"Basi uache uoze."

Hilo nalo hukuliweza. Ufuta hauna subira. Ganda likikauka hupasuka, mbegu zikamwagika chini, na jasho la mtu likawa chakula cha ndege. Ulichukua mundu ukaanza kukata. Tulikata nawe siku nane, tukafunga miganda, tukaisimamisha wimawima ikauke. Ami alirudi nyumbani kwa hasira, na pale penye kahawa kijijini wakakutania, "Hamadnil, shifta wamekuajiri lini?" Ukawajibu, "Juzi. Na wewe nimekuombea kazi, wakasema hawataki wavivu."

Siku ya tisa, jua likiwa juu, watu watatu walitokea kwenye nyasi ndefu. Wawili walikuwa na bunduki. Wa tatu, mwembamba, alikuwa mikono mitupu, naye aliitazama ile miganda kwa muda mrefu. Alijua Kiarabu cha sokoni, nawe ulijua Kiamhara kidogo cha vibarua, mkaelewana.

"Nani amekata?" aliuliza.

"Mimi na binti zangu. Wewe ndiye uliyelima?"

"Ndimi. Naitwa Gashaw."

"Mimi Hamadnil. Shamba hili ni langu tangu kwa baba yangu."

Akainamisha kichwa. "Kamanda wetu aliniambia halina mwenyewe."

"Ukamwamini?"

"Mzee, nilikuwa na watoto wanne. Nilitaka kumwamini."

Uliugusa mganda mmoja, Baba. Kisha ulisema, "Chukua ufuta wako. Msimu ujao nitalima mimi." Mmoja wa wale wenye bunduki akacheka: "Msimu ujao, mzee, tutarudi sote." Gashaw hakucheka. Rihab alimpa maji, akayapokea kwa mikono miwili.

Alikuja na punda asubuhi mbili mfululizo, akabeba. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Siku hiyo uliondoka nyumbani upesi ukavuke kumsaidia kupakia, bila kahawa na bila ndoto, ukisema utatusimulia ukirudi. Sisi tulibaki upande wetu wa mto. Ndipo milio ikaanza, kwanza mbali kama watu wanaopura mtama, kisha karibu. Wanajeshi walisema shifta ndio walioanza. Wengine walisema vingine. Risasi iliyokupata hatujui ilitoka wapi, na tumeacha kuuliza.

Tunachokijua tulikiona kwa macho yetu. Gashaw angeweza kukimbia, nyasi zilikuwa karibu naye. Hakukimbia. Alikubeba mgongoni hadi ukingoni, akatuita kwa sauti iliyopasuka, "Njooni! Njooni mumchukue baba yenu!" Alikufunika kwa shuka lake na kukushika mkono mpaka mtumbwi wetu ulipogusa mchanga. Ndipo akaondoka, akipita waziwazi, milio haijatulia.

Katikati ya mto ulimwambia Rihab, "Ile ndoto ya leo... tulikuwa ndani ya maji, lakini hatukulowa." Ulitabasamu, ukafumba macho kama unayetaka kuirudia. Alasiri ulituacha.

Mwaka huu shamba halikulimwa. Kuna mahandaki huku na mahandaki kule, na katikati mbegu zilizomwagika siku ile zimejiotea. Wavuvi wanasema maua yake ni meupe, na nyuki hawajui mpaka uko wapi.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, tuligombana kuhusu jina moja. Mimi nililitaka. Mama alilia. Binamu zetu walisema, "Mtaweka jina la shifta gazetini? Watu watasema nini?" Ami Jadallah alikuwa amejiinamia pembeni. Tangu msiba hasemi sana. Kisha akaninyang'anya kalamu akaliandika mwenyewe, herufi kubwa, akasema, "Mimi nilirudi nyumbani kwa hasira. Yeye alimbeba kaka yangu. Anayetaka kulifuta, anifute mimi kwanza."

Hakuna aliyelifuta.

Unakumbukwa na mkeo Sitalbanat. Mdogo wako Jadallah. Binti zako Ihsan, aliyeandika haya, na Rihab. Majirani wa Hillat Sidra. Na GASHAW wa ng'ambo ya mto, popote alipo, kama yu hai. Msomaji utakayekutana naye, mwambie tunamtafuta tumrudishie shuka lake. Tumelifua.

Baba, hatutaacha kukukumbuka.