Mwambie Rahima Kweli

Kamachumu,
Wilaya ya Muleba.
19 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Haruni,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote nakujulia hali, wewe, wifi yangu Salma na watoto. Ule mgongo umeacha kukusumbua? Na huko Tunduru mmevuna vizuri? Huku shemeji yako Mustapha yupo, kahawa tunaanika, na Mama bado anakwenda mwenyewe shambani hata akikatazwa. Sote ni wazima wa mwili, alhamdulillah.

Nimesema wa mwili, maana moyoni si wazima.

Mpwa wako Rahima amerudi kutoka chuo tangu mwezi uliopita. Yuko mwaka wa pili wa zile hesabu zake. Mengine yote kafaulu, isipokuwa somo moja wanaloliita Analisisi. Sapu yake, yaani mtihani wa kurudia, ni tarehe tisa Septemba. Akianguka tena wanamwondoa chuoni. Wenyewe wanasema kudisko.

Mdogo wangu, mtoto hasomi wala hali. Anamenya ndizi za watu wote, zikiiva yeye hagusi. Daftari zake nilizikuta jikoni, kaziweka za kuwashia moto, nikazificha chini ya gunia la maharage. Anasema atakwenda visiwani na Rosalina, jirani yetu, kununua dagaa. Dagaa siidharau, imesomesha wengi hapa. Lakini Jumatano alisema bora asingezaliwa. Tangu siku hiyo simwachi peke yake, hata akienda kuchota maji namfuata.

Nilimwomba anifundishe hilo somo, labda nipate pa kumshika. Darasa la saba langu unalijua. Akachora kwa mkaa sakafuni mstari ulionyooka, kisha mwingine wa kupindapinda ulioanzia chini yake ukaishia juu yake, bila kuinua mkono. Eti mtihani ulitaka athibitishe kwamba lazima mistari hiyo ikutane. Nikamwambia, "Mtu aliyekuwa upande huu wa barabara, akafika ule bila kuruka, si lazima ameikanyaga? Hilo nalo lataka ushahidi?"

"Maawe, mama!" akasema. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyoandika. Nikapewa sifuri."

Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Halafu kicheko kikageuka kilio.

Sasa nikuambie kosa langu. Siku tuliyomuaga kwenda chuo, wageni wakitafuna punje za kahawa, nilisimama mbele yao nikasema anafuata nyayo za mjomba wake. Na kila akichoka humwambia, "Mjomba Haruni aliyaweza haya haya." Juzi akanijibu, "Mjomba alikuwa na akili, mama. Mimi ndiye niliyewaaibisha." Nikatoka nikaenda migombani kulia, kwa sababu najua.

Ndiyo, Haruni, najua. Lameki mliyesoma naye alinieleza siku ya msiba wa Baba: Analisisi ndiyo iliyokutoa mwaka wa pili, na shahada hukuipata. Miaka kumi na sita sijamwambia mtu, hata Mustapha. Nilielewa kwa nini ulizika ukaondoka kabla ya hitma, na kwa nini huji. Baba alikufa akijivunia wewe. Nikasema Mungu amesitiri, mimi ni nani nifunue? Kumbe sitara ile nimeigeuza fimbo ya kumchapia mwanangu.

Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Siri ni yako. Tena nikisema mimi ataona mama anambembeleza tu. Mwandikie wewe, kwa mkono wako: kwamba ulianguka, ukaona haya, ukaikimbia nyumba yenu, na kama ilikufaa au haikukufaa. Na ikiwa bado unakumbuka mwalimu alitaka nini pale kwenye mistari, mweleze na hilo.

Usipige simu. Simu yangu anashinda nayo yeye, na mambo haya si ya kusikika nusu nusu.

Sikulaumu, wallahi. Nakuomba tu, kama ninavyoomba kila baada ya swala, na nimebaki sina mlango mwingine wa kubisha.

Msalimie sana Salma, mbusu Haidari na mdogo wake. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini, mimi namwambia karibuni. Mola akutie nguvu na akulindie watoto wako wasifikie hapa nilipo.

Tafadhali nijibu upesi, barua itufikie kabla ya tarehe tisa.

Dada yako akupendaye siku zote,
Siti