Mayai Tuliyoyaficha Kwenye Fomu

Nyumbani, nyuma ya banda la samaki,
Jumapili, tarehe 12, mwezi wa pili.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mwenye miwani,

Nakugombeza kwanza, salamu zitafuata. Wewe umelelewa nyumba hii. Kila mvua kubwa zikianza na mto ukijaa, ulikuwa ukikaa kwenye kigoda jikoni kwangu, unakula mayai ya samaki mpaka nakufukuza na mwiko. Leo umekaa ofisi kuu ya wanyamapori na uvuvi, unaletewa karatasi inayosema miezi hiyo hiyo samaki hawana mayai, na wewe unatia sahihi! Yale uliyokuwa ukila kwangu yalikuwa ya kuku?

Haya. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Mke mwenzangu hajambo, na yule mtoto ameota meno? Mwambie mke mwenzangu akufunge shuka shingoni usiku wa baridi, maana wewe mwenyewe huna akili hiyo.

Mimi sijambo ya kusema tu. Vidole vya mkono wa kulia havikunjuki asubuhi mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Miaka arobaini na moja ya kupaa samaki si mchezo. Barua hii naiandika mwenyewe na leo ni siku ya tatu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Darasa la nne nililoishia linanitosha kusema ninachotaka.

Baba yako mdogo yupo, amekonda. Kuwa askari wa mto si kazi ya mtu mpole. Kutwa anapima samaki wa wavuvi wa mshipi na ndoana, nao wanamwita Rula mbele ya macho yake. Juzi kabandika tangazo lenu mlangoni pa banda: wenye leseni waje kwa wingi kuanzia tarehe moja mwezi wa tatu. Akanigeukia akaniuliza, “Mama, hivi hawa wanajua wanachokifungua?” Nikajifanya natafuta kisu, na kisu kilikuwa mkononi.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaandika mara mbili.

Miaka minne iliyopita alikuja yule afisa wenu wa kike, mwenye buti kubwa, akatuletea fomu. Kila siku tuandike samaki wangapi, urefu gani, na ndani yake mayai yamo au hayamo. Akasema mnataka kujua samaki wanazaa lini ili miezi hiyo mto ufungwe. Akatuachia kalamu sita na kwenda zake. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa meza zote saba za kupaa samaki, fomu nikakabidhiwa mimi.

Unajua desturi ya bandani. Samaki ni wa mvuvi, mayai ni ya mwenye kisu. Hakuna aliyeiandika popote, lakini tangu mama yangu akiwa meza ya kwanza ilikuwa hivyo. Afisa alipoondoka tu, Mama Mizani wa meza ya pili akasema, “Serikali ikiuliza kitu, jua inakitaka.” Wote wakanitazama. Nami, kwa kiburi changu, nikatoa amri: mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, wakati samaki wamevimba kama mito ya kulalia, tuandike hayamo. Kiangazi, ambapo unapasua samaki kumi unapata kijiko kimoja cha mayai, tuandike yamo, tusionekane waongo.

Ndiyo. Bibi yako huyo huyo aliyekuchapa kwa kudanganya kuhusu sukari.

Miaka miwili nilijaza hivyo, kwa mwandiko mzuri, bila kufutafuta. Halafu ukaniandikia, nadhani unakumbuka, kwamba fomu za banda letu ndizo safi kuliko zote na ofisi imepanga miezi ya kufunga mto kwa kuzifuata. Ulifurahi kweli. Niliisoma barua ile mara moja, nikaiweka chini ya godoro. Sikuwa na uso wa kuisoma tena.

Tangu hapo mto mmeufunga viangazi viwili, miezi ambayo samaki hawana haja ya kuachwa. Tumekaa na visu vikavu, na bado mvua zikija mto uko wazi. Mwaka jana kwenye mvua walikuja wavuvi wa mshipi kutoka kila upande, wameshikana mabega kama wapo kwenye foleni. Asubuhi moja tulitoa mabeseni matatu ya mayai. Mabeseni matatu, mjukuu wangu! Wenzangu walishangilia. Mimi nilikwenda kuyamwaga mtoni kama mwendawazimu, eti labda yataanguliwa. Mama Mizani akanicheka mpaka akakaa chini.

Sasa samaki wanaofika mezani ni wa urefu wa kiganja. Kisu changu kinawapita. Mwanamke mmoja anayekuja na darubini kutazama ndege alimuuliza baba yako mdogo korongo wamehamia wapi. Angemwambia nini? Korongo naye hula.

Na nikuulize, wawindaji wa bata pale ng'ambo mbona hawana shida? Wana msimu wao, wanaufuata, na bata wapo. Kwa sababu kwa bata mlimtuma mtu, akalala kwenye matope siku tisa akihesabu viota. Kwetu mlituma kalamu sita.

Nimechoka. Nimechoka na kisu, nimechoka na harufu, ila zaidi nimechoka na siri hii. Wiki iliyopita nikawakusanya wa meza zote nikawaambia fomu zile ni uongo na mwenye uongo ni mimi. Pakawa na kelele. Wengine wakasema nimezeeka vibaya. Tumeshakaa miezi mitatu ya kiangazi bila kazi, na mto ukifungwa tena msimu huu wa mvua ni miezi mingine mitatu, na mayai ndiyo hatutayaona tena. Najua. Mimi pia nakula kwa kisu hicho. Lakini nikawauliza, mwakani mtapaa nini, magogo? Sita tumekubali, mimi nikiwemo, tumetia vidole gumba kwenye karatasi niliyoiweka ndani ya bahasha hii. Humo tumeeleza kila mwezi ulivyo kweli, kama tunavyouona tukipasua. Mama Mizani amekataa. Mwacheni.

Baba yako mdogo anakusalimu. Shangazi yako mshonaji anakusalimu, anauliza vipimo vya mtoto. Jirani yetu fundi baiskeli naye anakusalimu, ingawa hukumuaga ulipoondoka. Mungu akulindie kifua chako, akupe watoto wasiokuwa na kiburi cha bibi yao.

Nisikie sasa. Usinijibu kwamba mtaliangalia suala hili. Usiniandike huko kwa jina la kupamba ili kunisitiri, na usiogope kwamba watakucheka kwa kuwa mwongo ni bibi yako. Zimebaki siku kumi na saba. Barua hii na karatasi ya vidole gumba vipeleke kwa mkubwa wako wewe mwenyewe, kwa miguu yako, usome mbele yake mpaka mwisho. Umwambie fomu za miaka ile zitupwe, leseni za mwezi wa tatu zisitolewe, na mto ufungwe kabla mvua hazijafika. Halafu aje mtu, mwenye macho, akae mezani kwangu. Kisu nitampa.

Mimi nikupendaye hata nikikukaripia,
Bibi yako wa meza ya kwanza.

Vaa viatu, uende.