Masanja juu ya mawimbi

Nyahanga, Alhamisi

Na bado anacheka! Jirani yangu Mama Neema kanionyesha video kwenye simu yake. Mjukuu wangu Masanja yuko Chato na wenzake wa chuo, kasimama juu ya ubao, wimbi la ziwa linamsukuma hadi nchi kavu, wasichana wanapiga vigelegele.

Juzi alinipigia, akanitania kama kawaida yake: "Mke wangu, siwezi kuja kukupeleka hospitali, nina mitihani." Basi jana nikaenda hospitali peke yangu. Wakanirudisha. Jicho hawalipasui kama hujaja na ndugu wa kukushika mkono.

Leo nikampigia nimtukane. "Mhuni we! Mtihani gani huo wa kuchezea maji?"

Akasema, "Bibi, nisamehe. Ila uliona nilivyosimama?"

Niliona, kwa jicho hili moja lililobaki. Alisimama vizuri, mshenzi yule. Nikamwuliza kama amevaa nguo kavu, nikakata simu.

Naogopa. Hili nalo likifunga…

Jumatatu narudi hospitali na Mama Neema. Si ndugu, ila kasema atawaambia yeye ni binti yangu wa kunizaa. Mungu anisamehe, sitabisha.