Garantie ya Maji

Kasha, tarehe 9 Novemba 1984

Colombe, mutoto wangu,

Huku mvua inanyesha kila siku, maharagi imekuwa mingi na mguu wangu imepona. Unauliza kama kaka yako Honoré ananitunza. Unamujua vile anajua kushinda masosiete: hata radio iliyoharibika walimubadilishia na ya mupya bila kulipa.

Mwezi uliopita alisoma mukataba wa sosiete ya maji. Waliandika pale kama mwenye compteur, ile mashini ya kupima maji, akikufa, familia inarudishiwa garantie yote, ile pesa aliyoweka siku ya kuingiza maji, na facture ya mwisho inafutwa, hailipwe tena. Compteur iko kwa jina langu. Basi Honoré akaenda kusema papa amekufa.

Jana ajenti akaleta pesa nyumbani. Akanikuta inje, ninachambua maharagi.

«Na huyu muzee?»

Honoré hakustuka hata kidogo. «Ni tonton yetu wa Walungu. Alikuja kwa kilio.»

Ajenti akavua kofia, akanipa mukono. «Pole sana, tonton. Marehemu alikuwa ndugu yako?»

Nikamuangalia Honoré. Alikuwa anasaini.

«Ndiyo,» nikajibu. «Alikuwa mutu muzuri.»

Constance muke wake anasema Honoré iko na akili sana. Ni kweli. Hiyo akili mimi ndiye niliilipia masomo.

Ukija Noeli, inje uniite tonton kama wote. Tukiingia ndani, ufunge mulango kwanza, halafu uniite papa. Hata mara moja tu.

Ignace