Punje nane, kichala kimoja

Jumanne, usiku

Na bado anasema ameibiwa. Baba alinipigia kutoka Mvumi kabla sijatoka ofisini: kesho anakirudisha kile kifaa cha intaneti nilichomfungia. Kampuni ilimwahidi megabiti nane kwa sekunde, lakini simu yake ikipakua faili inaonyesha megabaiti moja tu.

"Hawajakuibia, baba. Baiti moja ni biti nane. Wao wanahesabu punje za zabibu, simu yako inahesabu vichala."

Akauliza, "Kichala cha punje nane? Mwanangu, hicho sokoni nani atakinunua?"

Nilicheka hadi wenzangu wakageuka. Mkulima wa zabibu huwezi kumpa mfano wa zabibu ovyo.

Lakini niliogopa. Bila kifaa hicho nisingeweza kumwona jioni, na tangu alipougua sauti yake hunificha mengi. Kila siku husema ni mzima.

Saa mbili akapiga simu ya video, haikukatika hata mara moja. Mashavu yamekonda. Alikuwa ameinua kichala kikubwa mbele ya kamera.

"Haya, kifaa kinabaki. Sasa hesabu, hiki kina biti ngapi?"

Nilihesabu polepole, ili asikate simu.