Ushindi wa Mezani

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo, na kwamba chakula kisicho na chumvi alichoamuru daktari unakila bila kumnunia Mama. Mimi mzima, ila mvuke wa chumba cha pasi umenitia mafua.

Nimepata pongezi zako kwa timu yetu ya dobi kuingia fainali ya mashindano ya wafanyakazi. Asante, lakini zirudishe mfukoni kwanza. Nusu fainali hatukuicheza. Tulipewa ushindi wa mezani.

Tulipangiwa washonaji wa kiwanda cha sare. Tukajipanga mstari na jezi zetu, refa akatazama saa mpaka robo saa ya kanuni ikaisha, akapuliza filimbi. Wapinzani hawakutokea. Wenzangu walirukaruka utadhani tumefunga mabao kumi. Mimi, Mikono Gundi wako uliyempa jina hilo kwa kuvunja sahani, nilisimama golini na glavu safi, nikaona aibu. Ilibaki saini yangu ya kapteni tu kwenye fomu ya matokeo. Sikusaini.

Nikaenda kuulizia. Kumbe bosi wao aliwafungia geti mpaka oda ya sare za shule iishe.

Wenzangu walinichukia, Baba. Mama Sabuni, beki wetu na mkuu wa chumba cha kufulia, alisema kichwa changu ni kigumu kuliko mche wa sabuni, na yeye ameshanunua viatu vya fainali, sasa akavivalie harusini? Nikamfuata kila mmoja kwenye meza yake ya pasi. Nikawakumbusha mwaka jana, mashuka ya hospitali yalipotuzuia humu ndani na timu ya wapishi ikapita bila kutoka jasho. Nikamuuliza Mama Sabuni siku ile nani alilia mpaka kwikwi ikamshika. Akaendelea kukunja shuka, kisha akasema haya, lakini tukifungwa, vile viatu nitamlipa mimi.

Waandaaji wamekubali mechi ichezwe kesho alasiri. Ila washonaji wasipotokea tena, ushindi ni wetu tupende tusipende. Na oda haijaisha. Nguo zimeshonwa, kinachowakwamisha ni kupiga pasi.

Sasa nikwambie kwa nini nimeng'ang'ania hivi. Baba mdogo aliponitembelea alinieleza habari ya kombe lako, lile unalohifadhia misumari. Miaka yote nikikuuliza mbona huliweki sebuleni, ulisema linavuja. Kumbe mlipewa mezani. Alisema ulikaa golini siku hiyo bila kupigiwa hata shuti moja, na glavu hukuzivaa tena. Nililia, Baba. Nilikuonea uchungu, na hapo hapo nikaamua kwamba kombe la misumari sitalileta nyumbani.

Kwa hiyo leo tukitoka kazini, timu nzima inakwenda kiwandani kwao na pasi zetu. Nilipomwomba ruhusa, bosi wao alicheka sana, kisha akasema oda ikiisha, kesho geti litakuwa wazi. Tutanyoosha mpaka sare ya mwisho, na kesho wale wanawake watukimbize mpaka tukome.

Msalimie Mama, na baba mdogo usimgombeze. Usituombee tushinde. Tuombee waje.

Binti yako,
Mikono Gundi