Nyama Ambayo Khatibu Hataikataa

Mayfair, Johannesburg,
26 Mei 2013.

Mpendwa Dada Zubeda,

Asalaam alaikum. Kabla ya yote nipe hali yako. Goti linasemaje? Presha imeshuka, au bado unakula chumvi ukijificha? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, ila baridi imeanza mapema, na asubuhi maji ya bomba la uani yanauma meno. Mwatumu binti yangu hajambo, na kitoto chake kinanyonya mpaka mama mtu anachoka. Kina paji la uso la marehemu baba, lilelile, wala sisemi kwa kukufurahisha.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Umeniandikia neno moja tu, samehe. Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utalia, nami ukilia nitakubali kila kitu halafu nijute. Anakuletea Tumu, jirani yangu anayepeleka nywele za bandia Kigoma. Isome ukiwa peke yako, maana humu namtaja mwanao, na simtaji kwa uzuri.

Habari za harusi ya Mwatumu mwaka jana ulizisikia kwa mwanao Khatibu. Sasa zisikie kwangu. Unajua ninalinda geti la majengo ya ofisi kule Randburg. Mwenye majengo, Bwana Kobus, ana shamba la wanyama pori mbali huko Limpopo, na kila majira ya baridi huenda kuwinda. Aliposikia naoza binti akanipa tandala mzima, yule mnyama mkubwa mwenye pembe za kujisokota ambaye watu wa hapa humwita kudu. Nyama aliileta mfanyakazi wa shamba, mtu mzima mwenye kofia na koti refu. Nikampa salamu, akaitikia vizuri kuliko mimi. Nikamuuliza nani kachinja, akasema ni yeye mwenyewe. Nikaridhika. Kwetu mtu akishaitikia salamu namna ile unaona haya kumuuliza jina na dini, utadhani wewe askari wa mpakani.

Jina lake ni Jean-Paul. Ni Mkristo wa Uvira, kakulia katikati ya Waislamu, na kofia anavaa kwa ajili ya baridi. Kosa hilo ni langu na silikatai.

Lakini mwanao alijua, dada. Jean-Paul aliingia kununua blanketi katika duka la Msomali anakouza Khatibu, wakazungumza, akamhadithia nyama aliyomletea Mrundi mmoja wa Randburg, yaani mimi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Khatibu alikula kwangu, Ijumaa alikula kwangu, na hakufungua mdomo. Alingoja mpaka Jumamosi masinia yamewekwa, watu wamenawa, tonge la kwanza liko mikononi. Ndipo akasimama katikati ya ukumbi akasema, "Jamani, acheni. Hiki ni kibudu. Kachinja Mkristo."

Ningekuwa mtu mwingine ningeweza kucheka baadaye. Lakini sisi ni watoto wa nani? Baba alichinja miaka arobaini pale mtaani kwetu Buyenzi, na watu walikuwa wanamfuata nyumbani wakitaka mkono wake tu. Mimi mwanawe nikauandalia ukumbi mzima kibudu, siku ya ndoa ya mjukuu wake. Wali ulibaki umechimbwa upande mmoja. Wakwe walinawa wakaondoka kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko matusi. Mwatumu alivua viatu vyake vya harusi akaja kunisaidia kutia nyama kwenye mifuko. Mpaka leo kuna watu nikipita hapa mtaani wananong'ona, Mzee Kibudu.

Nilimchukua mtoto wako stendi ya Park akiwa na begi moja, mwaka 2010. Alilala kwangu miaka miwili. Angeniita jikoni tu, akaninong'oneza. Ningechemsha maharage na hakuna ambaye angejua.

Basi sikiliza nilichopanga. Jumamosi tarehe 22 Juni ninakwenda kuwinda mwenyewe. Usishtuke. Kweli sijawahi kuwinda hata sungura, na huko Limpopo sijawahi kukanyaga. Nimemwomba Bwana Kobus, akakubali nitumie bunduki yake naye akiwa pembeni yangu, ndivyo sheria inavyotaka. Wiki moja baadaye, kabla ya Ramadhani, ni akika ya mjukuu wetu. Mbuzi wa akika nimeshawaweka. Tandala ni wa pilau ya wageni, na wageni ni walewale wa mwaka jana, ukumbi uleule. Nimewaalika mmoja mmoja, kwa miguu.

Sheikh nimemwendea mara tatu. Amenifundisha kwamba jina la Mungu hutajwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta mnyama bado anapumua unamchinja. Nami nataka nimkute anapumua. Kwa hiyo naomba kisu cha baba, kile cha mpini wa pembe kilichomo kwenye sanduku lako. Kifunge vizuri kwa nguo, umpe Tumu wakati anarudi.

Atakayenifuatishia nyayo ni huyohuyo Jean-Paul. Nilipokwenda kumgombeza alikaribia kulia. "Miye sikujua, kaka. Ulinipa salamu, nikarudisha. Kama uliniuliza jina, ningekuambia." Sasa ndiye mwalimu wangu. Ananichorea nchi ile kwenye karatasi: wapi kuna miiba ambayo haipitiki, wapi kuna bwawa, upepo wa asubuhi unatoka upande gani. Anasema tandala akishtuka hukimbia kidogo, halafu husimama kugeuka amwone aliyemshtua, na hapo ndipo wengi wao hufa. Mchana wa jua kali hujificha hata ukipita karibu humwoni, anabaki masikio tu. Nimeweka yote kichwani kama mtoto wa madrasa.

Jumapili iliyopita tulikwenda kulenga shabaha nje ya Krugersdorp. Risasi ya kwanza ilinipiga bega mpaka leo siwezi kujikuna mgongoni. Ya pili nilimkumbuka Khatibu amesimama pale ukumbini, ikapita juu ya kibao kabisa. Ya tatu vilevile. Jean-Paul akanishika kiwiko. "Eish, kaka, ukiwa na kasirani mkono inatetemeka. Waza kitu ingine." Nikawaza kisu cha baba na mbuzi wa Idi, nikapiga katikati mara mbili. Kwa hiyo kuhusu bunduki usiwe na wasiwasi.

Sasa nikwambie lililobaki, ambalo ndilo nililokuwa nalilia usingizini. Khatibu naye nimemwalika. Nilipanga watu wote wale kwa masinia, wanane wanane, tandala amejaa juu ya wali. Yeye peke yake awekewe sahani pembeni, na juu yake kuku wa dukani, akiwa bado na karatasi yake yenye muhuri wa halali. Halafu nisimame nami niseme jamani, mwanetu huyu ana uchaji mwingi, mikono yetu haimtoshi. Kula peke yako katika ukumbi wa watu wanaokula pamoja, dada, wewe unajua hilo ni pigo gani. Nilikuwa nikiliwaza getini natabasamu mpaka wenye magari wananiuliza kulikoni.

Mwatumu amelisikia. Alikuja kwangu juzi na mtoto mgongoni, hakukaa. Akaniambia Khatibu alikuja jikoni mara mbili, Alhamisi na Ijumaa, akanikuta nakaanga vitunguu nikiimba, akashindwa kusema. Jumamosi alipoona watu wanapeleka tonge mdomoni akaogopa Mungu, akaropoka. Nikamwambia uongo huo kaufundishwa na mama yake. Nisamehe, ndivyo nilivyosema.

Hakubishana nami. Alisema tu, "Sawa, Baba, sharp, winda. Lakini siku hiyo na mimi niletewe kuku." Nikamuuliza ana maana gani. "Nitakaa upande wa wanawake nile sahani yangu peke yangu. Watu wataniuliza kwa nini, na mimi nitawaambia."

Akaondoka. Mama wa mtoto, dada, kwenye akika ya mtoto wake, atengwe pamoja na aliyeharibu harusi yake, tena kwa hiari yake. Nimekaa na maneno hayo tangu juzi. Nimeyageuza kila upande nikitafuta pa kumkwepa, sikupaona. Huyu ndiye aliyevua viatu.

Kwa hiyo kuku hatakuwapo. Ila usiende kumwambia mwanao nimesamehe, kwa sababu sijasamehe, na sitaki kudanganya kwenye karatasi. Nimebadilisha mahali pa kumkalisha tu. Khatibu atakula sinia moja na mimi. Atakaa mbele yangu, magoti yakigusana. Nyama nitaikata mimi, kwa kisu cha babu yake, nimsogezee upande wake mapande yaliyo manono. Na kila tonge atakaloinua nitalitazama mpaka liingie kinywani, ukumbi mzima ukiona. Hatakuwa na la kusema, maana nitakuwa mjomba anayemlisha mpwa wake. Na sinia lile hatuinuki mpaka liishe.

Msalimie sana shemeji. Msalimie Bi Hélène jirani yako, mwambie dawa yake ya kifua nimeiulizia na Tumu ataileta. Wabusu watoto wa binti yako Sonia, na mdogo mwambie begi la shule nimeshalinunua. Mungu akupe afya ya mwili na usingizi mzito, akuhifadhi na kila jicho baya, atukutanishe tena tukiwa bado tuna meno ya kutafunia.

Ukimpigia simu mwanao, mwambie jambo moja tu kutoka kwangu: siku hiyo aje na njaa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Hemedi.